Fundi Umeme na Msimu wa Miwa: Matengenezo ya Umeme katika Kiwanda cha Sukari cha Kilombero tangu 1960

Utangulizi

Historia ya umeme nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya mabwawa, njia za msongo mkubwa na Shirika la Umeme, TANESCO. Historia ya viwanda, kwa upande wake, imeandikwa kama historia ya umiliki: nani alileta mtaji, lini mali ilitaifishwa, lini ikabinafsishwa. Kati ya historia hizi mbili yupo mtu ambaye hatajwi na yoyote kati yake. Mtu huyo ni fundi umeme wa kiwandani, mwajiriwa ambaye hazalishi bidhaa wala hauzi umeme, na ambaye huonekana tu pale mtambo unaposimama. Insha hii inamchunguza fundi huyo katika Bonde la Kilombero, hususan katika viwanda vya sukari vilivyoko pande mbili za Mto Ruaha Mkuu, kaskazini mwa mji wa Ifakara. Inadaiwa hapa kwamba hadhi ya fundi umeme katika bonde hili ilijengwa na mambo mawili ambayo vyeti havikuyapima ipasavyo, yaani msimu wa miwa na uhaba wa vipuri. Uhaba ulipopungua baada ya 1998, hadhi hiyo ilitikisika, na sehemu ya maarifa yaliyoibeba ikabaki nje ya ukuta wa kiwanda.

Bonde lisilokuwa na gridi

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Ifakara ulikuwa mji wa kivuko, mpunga na misheni. Wakapuchini walikuwa na hospitali yao ya Mtakatifu Fransis, na mwaka 1957 watafiti wa Uswisi walifungua maabara yao ya magonjwa ya tropiki. Masika yakikolea, barabara ilikatika na mji ukaishi kwa ngalawa. Katika kipindi hichohicho, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikuwa likichunguza Bonde lote la Rufiji, na taarifa yake iliyotolewa mwaka 1961 ililitazama Bonde la Kilombero kama ardhi inayofaa kwa kilimo cha umwagiliaji. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilikuwa tayari imeundwa mwaka 1960 kwa mtaji wa Waholanzi na Waingereza, ikiwa pia miongoni mwa vitega uchumi vya mwanzo vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) barani Afrika. Kiwanda cha kwanza, ambacho wenyeji hukiita K1, kilijengwa Msolwa na kuanza uzalishaji mwaka 1962.

Kiwanda hicho hakikuwa na gridi ya kujiunga nayo. Kilijitengenezea umeme wake, na namna kilivyoutengeneza ndiyo msingi wa kila kitu kilichofuata katika kazi ya fundi. Miwa ikikamuliwa hutoa maji na makapi. Makapi hupelekwa kwenye boila na kuchomwa. Mvuke unaopatikana huzungusha turbaini. Turbaini huzungusha jenereta. Umeme wa jenereta huendesha mota za pampu, mikanda ya kuchukulia, feni za boila na mashine za kuzungusha zinazotenganisha sukari na molasi. Mvuke uliokwisha kufanya kazi katika turbaini hautupwi, kwa kuwa hupelekwa kwenye matangi ya kuchemshia maji ya miwa hadi yawe mazito. Kwa hiyo hakuna kituo cha umeme kinachosimama peke yake upande mmoja na kiwanda upande wa pili. Vyote ni duara moja.

Matokeo ya mpangilio huu yanaeleweka zaidi kwa kufuatilia hitilafu moja ndogo. Mota ya mkanda unaopeleka makapi kwenye boila ikipoteza fezi moja, itaendelea kuvuma kwa muda mfupi, itapata joto, na koili zake zitaungua iwapo relei ya ulinzi haikuikata mapema. Mkanda ukisimama, moto wa boila hupungua. Mvuke ukipungua, turbaini hupoteza mwendo, marudio ya mkondo hushuka chini ya 50 kwa sekunde, na kila pampu kiwandani huanza kuzunguka polepole, zikiwemo pampu za kulisha maji boila lenyewe. Taa hufifia. Fundi wa zamu aliyezoea hakuhitaji simu kujua kwamba jambo limeharibika, kwa kuwa taa zilimwambia. Kiwanda kikizimika kabisa, kukiwasha upya kulihitaji jenereta ya dizeli ya kuanzishia na kuni au makapi yaliyolimbikizwa, na saa kadhaa zingepita kabla mitambo ya kusagia haijazunguka tena.

Saa hizo zilikuwa na gharama yake shambani. Muwa uliokwisha kukatwa huanza kupoteza sukari, na ule uliochomwa kabla ya kukatwa hauvumilii kukaa siku nyingi. Mkulima mdogo wa Msolwa Ujamaa, Sanje au Ruembe ambaye malipo yake yanategemea uzito wa miwa na kiwango cha sukari kilichomo alipata hasara kwa sababu ya mota ambayo hakuwahi kuiona. Waandishi wengi wa uchumi wa miwa katika bonde hili wamejadili kwa kina uhusiano wa kampuni na wakulima wa nje. Ni wachache waliouliza ni kiasi gani cha mvutano huo kilizaliwa na kusimama kwa mitambo.

Kalenda mbili

Kazi ya fundi umeme wa Kilombero ilifuata kalenda mbili. Msimu wa kusaga huanza ardhi inapokauka, kwa kawaida karibu na Juni, na kuendelea hadi mvua kubwa zinapozuia magari kuingia mashambani. Wakati wote huo mitambo huendeshwa usiku na mchana. Fundi wa zamu hukaa karakana akisubiri kuitwa, na anapoitwa hurekebisha kwa haraka: hubadili fyuzi, husafisha ncha za kontakta zilizoungua, huhamisha mota ya akiba, hukaza nyaya zilizolegezwa na mtikisiko. Mazingira yenyewe ni adui wa umeme. Vumbi la makapi huziba njia za hewa za mota. Molasi hunata na kuvutia unyevu. Mvuke hupenya kwenye masanduku ya nyaya. Panya hula vihami vya kebo. Joto la ukumbi wa boila hulainisha kile ambacho vumbi limekwisha kukikwaruza.

Mvua zikianza, kiwanda hufungwa na kalenda ya pili huanza. Hiki ndicho kipindi ambacho takwimu za uzalishaji hazikioni, kwa kuwa hakuna hata tani moja ya sukari inayotoka, lakini kwa fundi ndicho kipindi kikuu cha mwaka. Mota hushushwa moja baada ya nyingine. Hufunguliwa, hupulizwa, huoshwa, hukaushwa kwenye tanuri, hupakwa vanishi, hufungwa beringi mpya. Uhami wa kila koili hupimwa kwa mega na kipimo huandikwa kwenye kadi ya mota. Kadi hizo ni chanzo cha historia ambacho watafiti wa viwanda wamekipuuza mno. Mota moja inaweza kuwa na kadi ya miaka ishirini, ikionyesha ni mara ngapi iliungua, ni nani aliyeisuka upya, na kipimo chake cha uhami kilivyokuwa kikishuka msimu hadi msimu. Mchoro wa umeme wa kiwanda hueleza jinsi wasanifu walivyokusudia mambo yawe. Kadi ya mota hueleza yalivyokuwa.

Kalenda hii ya pili iliathiri pia ajira. Mkata miwa alikuwa mtu wa msimu. Alikuja kutoka mbali, akakaa kambini, na akaondoka mvua zilipokuja. Fundi umeme hakuweza kuachishwa kila mwaka kwa utaratibu huo, maana kazi yake kubwa ilikuwa ikianza siku ambayo wengine walikuwa wakifunga mizigo. Hivyo ndivyo fundi alivyopata ajira ya kudumu na makazi katika nyumba za kampuni, na ndivyo watoto wake walivyokulia Kidatu, ilhali wakata miwa waliendelea kuhesabiwa kama wapita njia. Tofauti hii kwa kawaida huelezwa kwa elimu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu katika miaka ya mwanzo mafundi wengi wa viwandani nchini walijifunzia kazini kama wasaidizi na kufanya majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza baadaye. Kalenda ya mitambo inaeleza zaidi.

Umeme wawili katika bonde moja

Sekta ya sukari iliingia mikononi mwa dola katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Shirika la Maendeleo ya Sukari (SUDECO) lilianzishwa mwaka 1974, na kiwanda cha pili, K2, kilianza kazi Ruembe mwaka 1976, ng'ambo ya mto. Miaka hiyohiyo bonde lilipokea miradi mingine miwili mikubwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Wajenzi wake waliacha Mang'ula karakana kubwa ambayo baadaye ilifanywa kiwanda cha mashine na vipuri. Na mwaka 1975 mitambo ya kwanza ya kituo cha Kidatu ilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Ruaha Mkuu, kwa fedha za Benki ya Dunia na Sweden. Awamu ya pili ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kituo kilikuwa na mitambo minne yenye uwezo wa megawati 204, na kwa miaka mingi kilikuwa tegemeo kuu la gridi ya taifa.

Njia ya kilovolti 220 kutoka Kidatu ilielekea Morogoro na Dar es Salaam. Ilivipita vijiji vya jirani juu kwa juu. Kinaya cha bonde linaloangaza mji mkuu wa biashara huku lenyewe likiwasha vibatari kimekwisha kusemwa na wengi, na hakina haja ya kurudiwa hapa. Kinachohitaji kuongezwa ni kwamba kuanzia hapo bonde lilikuwa na umeme wa namna mbili uliozalishwa kilomita chache tu kutoka mmoja hadi mwingine. Umeme wa Kidatu ulitegemea mvua za nyanda za juu na kiasi cha maji kilichokuwa kimehifadhiwa Mtera. Umeme wa kiwanda ulitegemea kiangazi cha bondeni na miwa iliyokatwa jana. Ukame ulipoleta mgawo wa umeme nchini, kama ilivyokuwa mwaka 1992 na tena mwaka 2006, kiwanda chenye makapi kiliweza kuendelea kuzunguka. Masika yalipojaza mabwawa, kiwanda kilikuwa kimefungwa na karakana ilihitaji umeme wa gridi ili kukaushia mota.

Kuunganisha jenereta ya kiwanda na gridi ni kazi ambayo fundi hujifunza kuiogopa. Volteji za pande mbili lazima zilingane, marudio yalingane, mpangilio wa fezi uwe uleule, na swichi ifungwe katika nukta ambayo mawimbi ya pande zote mbili yameoana. Ikifungwa kabla au baada ya hapo, nguvu yote ya gridi huipiga jenereta kwa mkupuo, na shafti inaweza kupinda. Mwendeshaji hutazama mshale unaozunguka polepole kwenye saa ya upatanisho na kungoja ufike juu. Mafunzo ya darasani humweleza sababu. Mkono wa kuamua ni upi hutokana na zamu nyingi.

Lugha ya kazi hii inastahili neno moja. Katika miaka hiyohiyo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilikuwa likisanifu istilahi, na wanaisimu walikuwa wakijadili maneno kama mkondo, kihami na kipitishi. Karakanani watu walisema fezi, nyutro, ethi, shoti, kontakta na stata, na walisema mota "imeungua" au "imekufa" kutegemea kama inaweza kusukwa tena. Mgawanyo huu wa mwisho haupo katika kamusi yoyote ya istilahi, nao ndio uliokuwa na maana kubwa kuliko yote katika muongo uliofuata.

Uhaba

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta viliiacha nchi bila fedha za kigeni. Kwa kiwanda kilichojengwa kwa mitambo ya Ulaya, beringi moja ilikuwa ni ombi la leseni ya kuagiza, mgao wa Benki Kuu, na miezi ya kungoja. Uzalishaji wa sukari nchini ulishuka, na foleni za sukari madukani zikawa sehemu ya kumbukumbu ya kizazi kizima.

Katika mazingira hayo fundi aligeuka kuwa mtengenezaji wa kile alichopaswa tu kukifunga. Kusuka mota iliyoungua kulianza kwa kuvunja koili za zamani taratibu, huku fundi akihesabu mizunguko ya waya katika kila tundu la stata, akipima unene wa waya na kuchora jinsi koili zilivyounganishwa. Kosa la kuhesabu lilizaa mota yenye joto jingi au isiyo na nguvu. Waya mpya wa shaba ukikosekana, alitumia waya mwembamba zaidi kwa kuunganisha nyuzi mbili sambamba ili jumla ya unene ifanane. Mota iliyokufa kabisa haikutupwa; ilikatwa vipande ili nyingine zipate kuishi. Shafti na mifuniko iliyolika iliweza kuchongwa upya kwenye mashine za karakana, na katika hali hiyo kuwapo kwa karakana ya Mang'ula, umbali mfupi kwa reli, hakukuwa jambo dogo.

Yapo maandishi yanayousifu ubunifu wa aina hii kana kwamba ulikuwa neema. Insha hii haikubaliani na sifa hizo bila masharti. Relei ya ulinzi iliyoharibika na kukosa mbadala iliweza kurukwa kwa kipande cha waya ili mtambo uendelee. Fyuzi iliyokosekana iliweza kuzibwa na waya mnene kuliko ilivyopaswa. Mota iliendelea kuzunguka, na hatari ikahamishwa kutoka kwenye mota kwenda kwenye mwili wa mtu. Kila msuko wa ziada pia uliishushia mota ufanisi wake, hivyo kwamba kiwanda kilichookolewa msimu huu kilitumia mvuke mwingi zaidi msimu ujao. Fundi hodari wa miaka ya 1980 aliheshimiwa kwa kuyajua haya yote na kuamua ni hatari ipi ivumiliwe hadi mvua zije. Mamlaka hayo hayakuandikwa katika muundo wowote wa utumishi.

Wala hayakumlinda mfanyakazi. Julai 1986, katika mgogoro wa kazi kiwandani Kilombero, askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia waliwafyatulia risasi wafanyakazi na kuwaua baadhi yao. Tukio hilo limejadiliwa katika maandiko ya sheria na haki za wafanyakazi nchini, na ni sahihi kulijadili huko. Kwa historia ya kazi, linaonyesha jambo la ziada. Dola iliyokuwa mmiliki wa kiwanda ilikuwa imewaomba wafanyakazi wake waendeshe mitambo bila vipuri, kwa mishahara iliyokuwa ikiliwa na kupanda kwa bei, na chama pekee cha wafanyakazi kilichoruhusiwa, JUWATA, kilikuwa jumuiya ya chama tawala. Mtu aliyejua kuirudisha turbaini kwenye mwendo wake hakuwa na mahali pa kuupeleka ujuzi huo kama hoja ya kudai ujira.

Baada ya 1998

Mwaka 1998 Serikali iliuza asilimia 75 ya hisa kwa Illovo ya Afrika Kusini na ED&F Man, ikabaki na asilimia 25. Ubinafsishaji ulifuatana na upunguzaji wa wafanyakazi, ukarabati wa mitambo na kupatikana kwa vipuri. Mota iliyoungua iliweza sasa kubadilishwa kwa mpya, na katika mota ndogo hesabu ilikuwa rahisi: gharama ya kuisuka ilikaribia bei ya kununua nyingine, na mpya ilitumia umeme kidogo. Mitambo ya udhibiti wa kielektroniki na draivu za kubadili mwendo zilihamisha sehemu ya kazi kutoka mkononi kwenda kwenye kioo cha kompyuta. Hitilafu ambayo zamani ilitambuliwa kwa harufu ya vanishi iliyoungua sasa huandikwa kwa namba.

Sambamba na hayo, nchi ilibadili jinsi inavyomtambua fundi. VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994, Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipitishwa mwaka 2003, na EWURA ikachukua jukumu la leseni za mafundi umeme. Kwa upande wa usalama, mabadiliko haya hayana ubishi mkubwa: relei hairukwi tena kwa waya bila mtu kuwajibika. Lakini yaliwapanga watu upya. Kijana mwenye stashahada na uwezo wa kusoma programu ya mtambo aliingia juu ya mzee mwenye daraja la kwanza la ufundi na kadi mia za mota kichwani. Vigezo vya vyeti havikuwa na kisanduku cha kuandika kwamba mtu fulani anaijua jenereta fulani tangu ilipofungwa.

Maarifa ya kusuka hayakufutika. Ifakara, kama miji mingine ya mpunga, ina mashine za kukoboa zinazoendeshwa kwa mota za fezi tatu, na kwa muda mrefu mji huo ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya kilovolti 33, ambako volteji hushuka kila mashine zinapowashwa kwa pamoja wakati wa mavuno. Mota ya kukoboa inayopata volteji pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kubeba mzigo uleule, hupata joto, na mwishowe huungua. Mwenye mashine hana mota ya akiba wala ghala la vipuri, na mpunga wa watu uko kwenye magunia ukingoja. Anachohitaji ni mtu anayeweza kuvunja koili, kuhesabu mizunguko, kupima waya na kuirudisha mota kazini kabla wateja hawajahamia mashine ya jirani. Njia ya kilovolti 220 kati ya Kihansi na Kidatu, iliyofuatana na mitambo ya megawati 180 ya Kihansi kwenye mwaka 2000, nayo ililipita bonde bila kuushusha umeme wake Ifakara. Kituo cha kupozea umeme cha mji huo, chenye transfoma ya MVA 20 na kilichogharimiwa na Serikali pamoja na Umoja wa Ulaya, kimejengwa miongo miwili baadaye, na ni kuanzia hapo tu ndipo mtafiti anayefuatilia idadi ya mota zinazoungua wakati wa mavuno atakapoweza kulinganisha mji uliokuwa mwisho wa waya na mji wenye transfoma yake.